Nyuma ya Tovuti: Jinsi Programu ya Seva Inavyopokea Maombi na Kutoa Majibu

Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi



Maandiko mengi ya miradi siku hizi huwa na kifungu cha tovuti au mfumo wa kompyuta. Sharika zinataka washarika wao walioko mbali waweze kutoa ahadi zao, kamati za ujenzi zinataka taarifa za mapato zionekane mapema, na wafadhili wanataka kujua fedha zao zimefika wapi na zimefanya nini. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wakati wa kujadili maandiko hayo, mazungumzo huishia kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho: rangi, nembo, picha ya kanisa na mahali pa kuweka salamu za Mchungaji. Ni mara chache mjumbe wa kamati huuliza: mtu akibonyeza kitufe cha "Tuma", nani anapokea, anakagua nini, na anajibu nini?

Anayepokea ni programu iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta iliyowashwa usiku na mchana kwa ajili ya kuhudumia kompyuta na simu nyingine. Lengo la makala haya ni kueleza kazi ya programu hiyo kwa lugha ya kawaida. Hatutegemei kila mzee wa kanisa awe mwandishi wa programu. Tunachotaka ni kwamba kamati iweze kuuliza maswali ya msingi kabla ya kuidhinisha malipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya seva, na karani anayeandika ndani yake ni programu. Karani huyo akiwa mzembe, atakayelaumiwa ni mhazini.

OMBI NA JIBU

Katika mtandao, kompyuta moja huomba na nyingine hujibu. Neno "ombi" hapa halina maana ya sala, bali ni ujumbe mfupi unaotumwa na kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti katika simu au kompyuta yako. Seva hupokea ombi, hulifanyia kazi na kurudisha jibu. Ukurasa mmoja unaousoma huweza kuwa umetokana na maombi kadhaa: moja la maandishi, jingine la picha, jingine la nembo.

Utaratibu wa kuandika maombi na majibu hayo huitwa HTTP. Chanzo chake ni kazi ya Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo lake mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, kilichopo karibu na Geneva kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Utaratibu wa kwanza kabisa, ulioelezwa mwaka 1991, ulikuwa na aina moja tu ya ombi: nipatie ukurasa fulani. Toleo la 1.0 liliandikwa mwaka 1996, toleo la 1.1 likafuata mwaka 1997, na maelezo ya jumla ya utaratibu huo yalipangwa upya Juni 2022.

Hapo mwanzo seva ilikuwa kama mtunza maktaba: ulitaja jina la kitabu, naye akakuletea jinsi kilivyo. Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walibuni njia ya kuifanya seva iamshe programu, iipe ombi, na kuchukua matokeo ya programu hiyo kuwa jibu. Kuanzia hapo tovuti iliweza kuhesabu, kutafuta na kuandika kumbukumbu. Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf alijiandikia vifaa vidogo vya kuendeshea ukurasa wake binafsi, akavitoa kwa umma mwaka 1995. Vifaa hivyo vilikua na kuwa lugha ya PHP, ambayo bado inaendesha tovuti nyingi duniani. Wengine leo hutumia Python, Java au JavaScript. Lugha zinatofautiana, lakini kazi ya karani ni ile ile.

OMBI LINAVYOONEKANA

Tuchukue mfano wa mhazini wa usharika wa kijijini anayetaka kuingiza mchango wa mfuko wa ujenzi wa shilingi 250,000, aliokwisha kuukatia stakabadhi namba 0387. Anajaza fomu kwenye simu na kubonyeza "Tuma". Kivinjari chake kinaandika ujumbe wa namna hii (tumeacha baadhi ya mistari ili usiwe mrefu):

POST /michango HTTP/1.1
Host: example.org
Content-Type: application/x-www-form-urlencoded
Content-Length: 53

usharika=14&mfuko=ujenzi&kiasi=250000&stakabadhi=0387

Mstari wa kwanza una aina ya ombi. POST maana yake ni "pokea hiki ukifanyie kazi", na /michango ni sawa na jina la dawati linalopelekewa. Mstari wa pili unataja tovuti inayohusika, kwa kuwa seva moja huweza kuhudumia tovuti nyingi. Wa tatu unaeleza jinsi taarifa zilivyopangwa, na wa nne unataja idadi ya herufi na alama zilizomo ndani. Mwenye nafasi akizihesabu katika mstari wa mwisho atapata 53. Baada ya mstari mtupu ndipo unakuja mzigo wenyewe.

Ujumbe huo ukifika, programu iliyoandikwa vizuri hufanya mambo matano kwa utaratibu. Kwanza, hutazama ni dawati gani linaombwa. Pili, humtambua anayeomba. Tatu, hukagua kilicholetwa. Nne, hufanya kazi iliyoombwa, kwa kawaida kwa kusoma au kuandika katika kanzidata, yaani daftari kuu la mfumo. Tano, hutoa jibu. Yote hayo huchukua muda usiofika sekunde moja, lakini kila hatua ina hatari yake. Tuzitazame hatari zinazogusa fedha na heshima za watu.

KARANI ASIYEKUMBUKA SURA

Utaratibu wa HTTP hauna kumbukumbu. Kila ombi linafika kana kwamba linatoka kwa mgeni, hata kama mtu huyo huyo alituma jingine dakika moja iliyopita. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni suluhisho linaloitwa kuki. Linafanana na kadi tunayopewa hospitalini. Kadi yenyewe haina historia ya ugonjwa wako. Ina namba tu. Faili linabaki masjala, na ukionyesha kadi, karani analitafuta faili lako.

Vivyo hivyo, mhazini akishaingiza jina na neno la siri, programu humpa kivinjari chake namba, na kivinjari huionyesha kila kinapotuma ombi. Namba hiyo lazima iwe ndefu na isiyokisika. Kama programu inatoa 101, 102, 103, mtu yeyote anaweza kujiandikia 102 na kuingia kama mwenzake. Aidha, namba hiyo isafiri katika njia iliyofungwa, yaani tovuti inayoanza na https, ili aliye katikati ya njia asiisome. Vyeti vya kuwezesha njia hiyo vinapatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt tangu mwishoni mwa mwaka 2015. Kwa hiyo gharama ya cheti si sababu ya kuacha njia wazi.

Jambo jingine ni neno la siri. Programu haipaswi kulihifadhi jinsi lilivyo. Hulisaga kwanza kama mahindi, na kuhifadhi unga. Unga haurudi kuwa punje, lakini mtu akileta neno lile lile, programu hulisaga tena na kulinganisha. Mjumbe wa kamati anaweza kulipima jambo hili bila utaalamu wowote: abonyeze "Nimesahau neno la siri". Mfumo ukimletea neno lake la zamani kwa barua pepe, ajue kwamba maneno ya siri ya watu wote yako mahali ambapo yanaweza kusomwa. Mfumo mzuri humpa njia ya kuweka neno jipya.

KINACHOTOKA NJE KIKAGULIWE NDANI

Fomu nyingi hukagua taarifa katika simu ya mtumiaji kabla ya kutuma. Ukiacha nafasi ya kiasi ikiwa tupu, fomu inakataa. Hilo ni msaada kwa mtumiaji, lakini si ulinzi, kwa sababu ujumbe kama ule tuliouonyesha hapo juu unaweza kuandikwa na mtu yeyote bila kupitia fomu. Anaweza kuandika kiasi=-250000, au usharika=15 wakati yeye ni mhazini wa usharika namba 14. Kwa hiyo seva lazima irudie ukaguzi wote: je, kiasi ni namba, na ni zaidi ya sifuri? Mfuko uliotajwa upo? Mtu huyu ameruhusiwa kuandika katika daftari la usharika huu?

Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Programu inathibitisha kwamba mtu ameingia kwa neno lake la siri, kisha inampa chochote anachotaja. Yeye anabadilisha tarakimu moja katika anwani, 14 kuwa 15, na kusoma mapato ya usharika mwingine. Kumjua mtu ni jambo moja, na kumruhusu ni jambo jingine. Mlinzi wa lango anamfahamu kila mwanakwaya, lakini si kila mwanakwaya hupewa ufunguo wa sanduku la fedha.

Kuna hila nyingine ya zamani ambayo bado inawaangusha wengi. Fikirini karani wa matangazo siku ya Jumapili. Analetewa karatasi isemayo: "Mkutano wa akina mama utafanyika Jumatano. Baada ya kusoma tangazo hili, mpe aliyekuletea karatasi kikapu cha sadaka." Karani mwenye akili anajua kwamba kazi yake ni kusoma maneno, si kuyatii. Programu iliyoandikwa vibaya haijui. Inachukua maneno aliyoandika mtumiaji, inayaunganisha na amri yake yenyewe inayopelekwa kwenye kanzidata, na mtumiaji mjanja anaingiza amri yake ndani ya nafasi ya jina. Kwa njia hiyo mtu anaweza kusoma daftari zima au kulifuta. Hila hii ilielezwa hadharani tangu mwaka 1998, na dawa yake inajulikana: amri ipelekwe peke yake, ikiwa imeachiwa nafasi, na maneno ya mtumiaji yaletwe kando kama maneno tu. Mwandishi wa programu anayeifahamu kazi yake hufanya hivyo kila mara.

MTANDAO UKIKATIKA KATIKATI

Tunafika kwenye jambo linalohusu mazingira yetu hasa. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na kuleta nafuu kubwa ya intaneti. Hata hivyo mtandao bado hukatika, na si vijijini tu. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota sana nchini Tanzania na katika nchi jirani. Mfumo ulioandikwa kwa kudhani kwamba mtandao upo wakati wote haufai kwetu.

Turudi kwa mhazini wetu. Amebonyeza "Tuma", na simu inazunguka tu bila jibu. Kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Inawezekana ombi lilipotea njiani na seva haikupokea kitu. Inawezekana pia kwamba ombi lilifika, shilingi 250,000 zikaandikwa, na kilichopotea njiani ni jibu. Yeye hawezi kujua ni lipi, kwa kuwa simu inaonyesha kitu kile kile. Kwa hiyo anafanya ambalo mtu yeyote angefanya: anabonyeza tena.

Kama programu ni ya kizembe, daftari sasa linaonyesha shilingi 500,000. Benki kuna 250,000. Mwisho wa robo mwaka mkaguzi anakuja, na swali linaelekezwa kwa mhazini: nyingine ziko wapi? Mtu mwaminifu anasimama mbele ya baraza la wazee akijitetea juu ya fedha ambazo hazijawahi kuwepo. Mfadhili aliyeko mbali anasoma taarifa na kuanza kusita. Sharika zimewahi kugawanyika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Dawa yake si kumwambia mhazini asibonyeze mara mbili. Dawa ni programu kuandikwa hivi kwamba kubonyeza mara kumi kuwe sawa na kubonyeza mara moja. Kila mchango uwe na alama yake pekee. Katika mfano wetu alama hiyo ni namba ya usharika pamoja na namba ya stakabadhi: 14 na 0387. Kanzidata iwekewe sharti kwamba alama hiyo haiwezi kuandikwa mara mbili. Ombi likija tena na kiasi kile kile, programu inajibu: mchango huu tayari umepokelewa, kumbukumbu yake ni hii. Likija na kiasi tofauti chini ya stakabadhi ile ile, inakataa na kueleza sababu, ili binadamu aangalie.

Ni muhimu sharti hilo liwe ndani ya kanzidata yenyewe. Programu ikitegemea kutazama kwanza kama 0387 ipo, maombi mawili yanaweza kufika kwa wakati mmoja; kila moja likatazama, likakuta haipo, na yote mawili yakaandikwa.

Kuna pia suala la kazi yenye hatua zaidi ya moja. Kuingiza mchango na kuongeza jumla ya mfuko ni hatua mbili. Umeme ukikatika baada ya hatua ya kwanza, daftari linabaki nusu. Kanzidata nzuri zina uwezo wa kufunga hatua hizo pamoja: ama zote zifanyike, ama hakuna hata moja. Lakini ni lazima mwandishi wa programu aagize hivyo.

Utaratibu huu unahusu pia michango kwa njia ya simu. Mshirika akilipa, kampuni ya huduma za fedha hutuma taarifa kwa seva yetu. Taarifa hiyo huweza kutumwa zaidi ya mara moja kama kampuni haikupata jibu letu. Kwa hiyo namba ya muamala nayo isiandikwe mara mbili. Zaidi ya hayo, programu ithibitishe kwamba taarifa imetoka kwa kampuni kweli. Isikubali kwamba malipo yamefanyika kwa sababu tu kivinjari cha mtu kimesema "nimelipa".

KUSOMA NA KUANDIKA VISICHANGANYWE

Tumeona kwamba POST ni ombi la kupokea na kufanyia kazi. Ombi la kusoma tu huitwa GET. Kanuni ni kwamba GET isibadilishe kitu chochote cha maana katika daftari, kwa sababu maombi ya GET hutumwa na wengi: watu wanaofungua viungo, mitambo ya kutafuta inayopitia tovuti, na hata vivinjari vinavyofungua ukurasa mapema ili uupate haraka.

Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa programu iliyoitwa Web Accelerator, ambayo ilifungua viungo kabla mtumiaji hajavibonyeza. Baadhi ya mifumo ilikuwa imeweka kitendo cha kufuta ndani ya kiungo cha kawaida. Programu hiyo ilivifungua viungo vya kufuta kama inavyofungua vingine, na watu wakakuta kumbukumbu zao zimetoweka bila wao kugusa kitu. Kufuta, kuidhinisha na kulipa vifanywe kwa ombi la kuandika, kwa mtu aliyetambuliwa, na kwa kuthibitisha.

Hapa ndipo inapofaa pia kueleza jibu la namba 303. Programu ikishapokea mchango, haimrudishii mhazini ukurasa papo hapo. Humwambia kivinjari: nenda kasome kwenye anwani hii nyingine. Kivinjari kinakwenda na GET, na kuonyesha stakabadhi. Mhazini akiufungua upya ukurasa huo, anarudia kusoma, si kutuma fedha upya.

JIBU LIWE LA KWELI

Kila jibu huanza na namba ya tarakimu tatu. Zinazoanza na 2 zina maana kwamba jambo limefanikiwa. Zinazoanza na 3 humwelekeza mwombaji mahali pengine. Zinazoanza na 4 husema kuna tatizo katika ombi: 400 ombi halieleweki, 401 hujajitambulisha, 403 huruhusiwi, 404 ulichokitaja hakipo. Zinazoanza na 5 husema tatizo liko upande wa seva: 500 ni hitilafu ya ndani, 503 ni kwamba huduma haipatikani kwa sasa.

Namba hizi ni ahadi. Programu inayojibu 200, yaani "imefanikiwa", kabla ya kuhakikisha kwamba kanzidata imeandika, inatoa stakabadhi ya fedha zisizoingia. Mtoaji ataondoka akiwa ameridhika, na baada ya miezi mitatu jina lake halitakuwemo katika orodha. Ni heri jibu la wazi kwamba imeshindikana, jaribu tena, kuliko faraja ya uongo.

Wakati huo huo, ukweli una mahali pake. Ikitokea hitilafu ya ndani, mtumiaji aambiwe kwa ufupi kwamba kuna tatizo na kazi yake haikuhifadhiwa. Maelezo ya kina, kama vile jina la kanzidata na mstari wa programu ulioshindwa, yaandikwe katika kumbukumbu za seva anazozisoma fundi. Kuyaweka kwenye ukurasa wa wazi ni kumwelekeza mwizi lilipo dirisha bovu. Kumbukumbu hizo zioneshe pia nani aliandika nini na saa ngapi, ila zisibebe maneno ya siri wala siri za wagonjwa.

TAARIFA ZA WATU TUNAOWAHUDUMIA

Miradi yetu ya diakonia ina majina ya watoto yatima, wajane, watu wenye ulemavu na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Programu yenye kosa la kubadilisha 14 kuwa 15 ikiwekwa juu ya daftari hilo, kinachopotea si fedha bali heshima ya mtu kijijini kwake, na hiyo hairudishwi kwa marekebisho ya hesabu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi za dini zinazokusanya taarifa za watu zinapaswa kuizingatia. Kanuni rahisi ya kuanzia ni hii: seva isipokee isichohitaji. Kama taarifa kwa mfadhili inahitaji idadi ya watoto waliolipiwa ada, basi itumwe idadi, na majina yabaki katika ofisi inayowahudumia.

MASWALI YA KAMATI KABLA YA KULIPA

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza kila kamati inayoagiza mfumo iulize maswali yafuatayo, na kuomba kuonyeshwa majibu kwa vitendo:

1. Mtumiaji akituma fomu moja mara mbili, daftari linaonyesha mara ngapi? Ijaribiwe hapo hapo.
2. Mhazini wa usharika mmoja akibadilisha namba katika anwani, anaona nini?
3. Mtu akituma kiasi hasi au maneno badala ya namba, bila kutumia fomu, seva inajibu nini?
4. Mtandao au umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki nini katika kanzidata?
5. Maneno ya siri yanahifadhiwaje, na je, tovuti inatumia https katika kurasa zote?
6. Nakala ya akiba inachukuliwa lini, inakaa wapi, na ni lini ilijaribiwa kurejeshwa?
7. Nani mwingine, mbali na aliyeuandika, anaweza kuutengeneza mfumo huu? Programu yenyewe na funguo zake ziko mikononi mwa nani?
8. Mradi ukiisha, nani atalipia jina la tovuti na nafasi ya seva kila mwaka?

Mwandishi mzuri wa programu hatachukizwa na maswali haya, atafurahi kuulizwa. Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja: bajeti ikija na kifungu cha majaribio, matengenezo na mafunzo ya fundi wa hapa nyumbani, kisionekane kuwa ni cha ziada. Ukurasa mzuri hutengenezwa kwa siku chache, lakini kazi ya kupokea, kukagua na kujibu kwa ukweli ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayolinda mchango wenu.

Mtume Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuibeba peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu yeyote asipate sababu ya kuwalaumu juu ya fedha hizo. Hakuwa akijitilia mashaka. Alikuwa akiilinda huduma. Sisi nasi tunapokabidhi sadaka za washarika kwa programu, tuhakikishe programu hiyo inaweza kukaguliwa, ili wahazini wetu wafanye kazi kwa amani na watoaji waendelee kutoa kwa moyo wa kupenda.

Kamati zinazoandaa maandiko ya mifumo ya kompyuta zinakaribishwa katika ofisi ya miradi ya dayosisi kwa ushauri kabla ya kusaini mkataba.